Tamko kwa Umma: Mapigo ya Moyo Yasigeuzwe Kitambulisho

Sisi, wanachama wa chama cha watu wanaoishi na maradhi ya masikio katika Kaunti ya Turkana, tuliokutana mjini Lodwar tukitokea Kapedo, Lokori, Kakuma na Kalobeyei, tumelitafakari suala la mapigo ya moyo kutumiwa kumtambua mtu. Kwa kauli moja tunatoa tamko hili kwa umma, kwa Serikali ya Kitaifa, kwa Serikali ya Kaunti, kwa mashirika yanayowahudumia wakimbizi, na kwa kila anayeuza au kununua mitambo ya utambulisho.

MAMBO YALIVYO

1. Wapo miongoni mwetu wanaosikia mapigo ya damu yao wenyewe sikioni, usiku na mchana. Huu si mlio wa nyenje unaowasumbua wengi waliozeeka au waliofanya kazi kwenye kelele. Ni mvumo unaopwita, unaokwenda sambamba na moyo: moyo ukienda mbio nao huenda mbio, moyo ukitulia nao hupoa. Huzidi pale kijiji kinaponyamaza na mtu anapolaza kichwa juu ya ekicholong yake, kigoda cha kulalia, kutafuta usingizi. Miongoni mwa wote wanaosikia milio masikioni, wenye mvumo wa namna hii ni chini ya mmoja kati ya kumi. Kwa uchache huo wengi wetu tumewahi kuambiwa kwamba ni mawazo tu, na wengine kwamba tumerogwa.

2. Mvumo huu si mawazo wala si uchawi. Damu inapopita kwa msukosuko katika mshipa ulio jirani na sikio, sikio la ndani huunasa msukosuko huo kama sauti. Sababu zake ni nyingi: mshipa uliobanwa, mfupa uliokonda karibu na sikio, upungufu wa damu, shinikizo la damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ujauzito, na shinikizo la maji ndani ya fuvu ambalo lisipotibiwa huweza kumpofusha mtu. Kwa baadhi yetu, daktari akiweka stetoskopu nyuma ya sikio au shingoni, naye huusikia mvumo ule ule. Wengine wana moyo mzima usio na kasoro yoyote, na tatizo lao ni la mshipa tu.

3. Kujua ni ipi kati ya sababu hizo kunahitaji daktari wa masikio na picha za mishipa. Kutoka Kapedo hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 200 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na barabara haikunyooka. Kutoka Kakuma ni takriban kilomita 120. Kaunti hii ilihesabiwa kuwa na watu 926,976 katika sensa ya mwaka 2019, na wengi wao huishi mbali na hospitali yenye vifaa hivyo. Mwanachama wetu huweza kuishi na mvumo kwa miaka kabla ya kumpata mtu wa kumweleza chanzo chake.

4. Wakati huo huo, dunia imejifunza kuyatumia mapigo kama ufunguo. Umeme wa moyo ulianza kupimwa kwa usahihi kupitia chombo cha Mholanzi Willem Einthoven mwanzoni mwa karne ya 20, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwa miongo mingi kipimo hicho kilikuwa cha daktari na mgonjwa wake. Mwaka 2001 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba umbo la wimbi la moyo linaweza kumtofautisha mtu na mwenzake. Baadaye kampuni moja ya Toronto, Kanada, ilitengeneza bangili ya mkononi inayomtambua mvaaji kwa moyo wake, na kufikia mwaka 2015 benki kadhaa za Kanada na Uingereza zilikuwa zimeijaribu.

5. Mwaka 2019 ilifahamika kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani imetengenezewa mtambo uitwao Jetson. Mtambo huo hutumia miale ya leza kunasa mtetemo wa mapigo juu ya ngozi, hata kupitia shati, kutoka umbali wa mita 200, mradi mtu awe ametulia kwa takriban nusu dakika. Kwa mtambo huo, moyo wa mtu uliweza kusomwa na asiyemgusa, asiyemsemesha, wala kumwomba idhini.

6. Chama kinakiri kwamba hivi leo hakuna ofisi katika Turkana inayodai mapigo ya moyo ya mtu. Hata hivyo, miili ya wakazi wa kaunti hii imetumika kama kitambulisho mapema kuliko ya Wakenya wengi. Mpango wa fedha za kukabili njaa, HSNP, ulitumia alama za vidole na kadi tangu miaka yake ya mwanzo. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, mgao wa chakula ulianza kuthibitishwa kwa alama za vidole mwezi Oktoba 2013. Wapiga kura husajiliwa na kutambuliwa kwa vidole. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, nayo hutumia alama za vidole katika hospitali.

7. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tumeumwa. Wanawake wetu wanaosuka vikapu vya mkoma, wanaochoma makaa na wanaofukua mchanga wa laga, yaani mito mikavu, kutafuta maji, wana vidole vilivyolika hata mashine haioni mistari. Wanachama wetu wameusimulia mkutano huu jinsi walivyofika dirishani, wakaweka kidole mara tatu, wakaambiwa warudi siku nyingine. Kwa aliyetembea siku nzima, siku nyingine ni safari nyingine na njaa nyingine. Ung'ongo uliomlisha ndio uliomfutia alama, kisha kufutika huko kukahesabiwa kuwa kosa lake.

8. Chama kinatambua pia yaliyowapata Wakenya, hasa wa Garissa, ambao wakati wa ukame walisajiliwa kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Miaka baadaye walipoomba kitambulisho cha taifa, vidole vyao vilipatikana katika daftari la wakimbizi, nao wakanyimwa uraia wao kwa vitendo. Mtu akiandikishwa kwa mwili wake, kosa la daftari humfuata popote mwili huo uendapo.

MSIMAMO WETU

9. Chama kinashikilia kwamba moyo hauna hali moja. Hili hatukulisoma kitabuni, tunalisikia. Mwenye mvumo hujua, kabla ya kipimo chochote, kwamba mapigo ya alfajiri si mapigo ya adhuhuri, kwamba mapigo ya aliyefunga si ya aliyeshiba, kwamba mimba, homa, jua kali na hofu hubadili mwendo wake. Watengenezaji hujibu kwamba hawapimi kasi, bali umbo la wimbi, na kwamba umbo hubaki. Jibu hilo lina ukweli kwa mtu mzima wa afya aliyetulia. Lakini ugonjwa wa moyo hubadili umbo. Dawa hubadili umbo. Upungufu wa madini mwilini hubadili umbo. Kifaa kinachowekwa kifuani kuusaidia moyo hubadili umbo. Wanaobadilika zaidi ni wagonjwa, na mgonjwa ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kufunguliwa mlango.

10. Chama kinashikilia kwamba kuusoma moyo ni kuusoma ugonjwa. Nenosiri halisemi lolote kuhusu afya ya mwenyewe. Alama ya kidole husema machache. Wimbi la moyo husema kama mtu ana shinikizo la damu lililokwisha kuunenepesha moyo, kama moyo wake huruka mapigo, kama aliwahi kushikwa na moyo bila kujua. Anayedai wimbi hilo ili afungue akaunti ya fedha anapokea pia faili la hospitali ambalo hakuliomba na hana haki ya kulishika. Sisi ambao mapigo yetu ni dalili, na si sauti tu, hatukubali dalili hiyo iwe mali ya mwenye mashine.

11. Chama kinashikilia kwamba ufunguo usioweza kubadilishwa haufai kuwa ufunguo pekee. Nenosiri likiibwa, hubadilishwa jioni hiyo hiyo. Kitambulisho kikipotea, huandikiwa ripoti polisi na kutolewa kingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba bangili ile ya Toronto ingeweza kudanganywa kwa mapigo ya mtu yaliyokusanywa kwingine, nao wakafaulu kwa takriban asilimia 81 ya majaribio yao. Mapigo yakishaibwa, mwenyewe hana moyo wa pili wa kuandikisha.

12. Chama kinashikilia kwamba hofu si hatia. Kapedo, mji wa chemchemi za maji moto ulio mpakani mwa Turkana na Baringo, umeona misiba mingi. Mwishoni mwa Oktoba 2014 maafisa wa polisi waliviziwa na kuuawa karibu na hapo, na operesheni iliyofuata iliwagusa wakazi wasiohusika. Februari 2023 Serikali ilipeleka Jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti 6, Turkana na Baringo zikiwemo. Chama kinaheshimu wajibu wa Serikali wa kulinda uhai wa raia na wa askari wake. Lakini moyo wa mkazi wa Kapedo ukienda mbio lori la askari linapoingia sokoni, huo ni ushahidi wa aliyoyaona, si wa aliyoyatenda. Chombo chochote cha kusoma mapigo kutoka mbali kisitumiwe juu ya raia asiyeshukiwa kwa kosa, wala matokeo yake yasiwe sababu ya kumkamata mtu.

13. Chama kinashikilia kwamba ridhaa ya mwenye njaa si ridhaa kamili. Mkimbizi wa Kakuma au Kalobeyei anayeambiwa aweke mwili wake mashineni ili apate mgao hana nafasi ya kukataa. Hali kadhalika kijana asiye na kazi. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni wakapigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, hadi Serikali iliposimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Chama kinaupongeza uamuzi huo, na kinaona ndani yake kipimo cha yajayo: haki ya mtu juu ya mwili wake haipungui kwa sababu mfuko wake ni mtupu.

14. Msimamo huu una msingi katika sheria za nchi. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inamlinda kila mtu asidaiwe bila sababu habari za familia au mambo yake ya faragha. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja kwa misingi ya hali ya afya au ulemavu. Ibara ya 43 inasema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka data za afya na za bayometriki katika kundi la data nyeti, inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya uchakataji wenye hatari kubwa kwa haki za watu, na inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomwathiri pakubwa.

15. Mahakama nazo zimekwisha kusema. Tarehe 30 Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, namba ya utambulisho ya kitaifa, majaji watatu wa Mahakama Kuu walibatilisha ukusanyaji wa vinasaba na wa alama za mahali mtu anapoishi. Walitambua pia kwamba wapo Wakenya walio katika hatari ya kuachwa nje kwa kukosa hati au kwa kuwa na alama hafifu za mwili, na kwamba sheria lazima iwawekee njia. Tarehe 14 Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari za data haikutangulia. Tangu hapo, hakuna mamlaka inayoweza kudai kwamba haikuonywa.

16. Hata katika uchaguzi, ambako taifa huweka ulinzi wake mkali kuliko kwingine, Kifungu cha 44A cha Sheria ya Uchaguzi kinaitaka Tume ya Uchaguzi iwe na utaratibu wa ziada wa kuwatambua wapiga kura. Ikiwa mpiga kura aliyekataliwa na mashine ana njia ya pili ya kuitumia haki yake, basi mgonjwa aliyekataliwa na mashine anastahili njia ya pili ya kuupata uhai wake.

MAAZIMIO

17. Kwa hayo yote, Chama kimeazimia, na kinazitaka mamlaka husika zitekeleze, mambo yafuatayo:

(a) Kwamba mapigo ya moyo, yawe ya umeme, ya mtetemo au ya sauti, yasifanywe sharti la kupata matibabu, chakula, fedha za msaada, kitambulisho, elimu au kura mahali popote nchini Kenya.

(b) Kwamba pale ambapo mtu mwenyewe atachagua kutumia mapigo yake kufungulia simu au akaunti yake, awe na njia nyingine yenye hadhi sawa, isiyomtoza ada wala muda wa ziada, na awe huru kujitoa siku yoyote na kufutiwa kumbukumbu zake.

(c) Kwamba Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data itoe mwongozo mahususi juu ya mapigo ya moyo, ikiyahesabu kuwa data ya afya na data ya bayometriki kwa pamoja, kabla ya mtambo wa kwanza wa namna hiyo kuidhinishwa, na si baada yake.

(d) Kwamba kila dirisha linalotumia alama za mwili katika Kaunti ya Turkana, liwe la hospitali, la benki au la mgao, liwe na afisa mwenye mamlaka ya kumtambua mtu kwa hati, kwa mashahidi au kwa chifu wa eneo lake mashine inapomkataa, siku ile ile na mahali pale pale. Anayenyimwa huduma apewe sababu kwa maandishi, kama Ibara ya 47 ya Katiba inavyoelekeza.

(e) Kwamba mashirika yanayowahudumia wakimbizi yaeleze kwa lugha zinazozungumzwa kambini, Kiturkana kikiwemo kwa wenyeji, ni alama zipi za mwili zinazochukuliwa, zinakohifadhiwa, na nani hupewa.

(f) Kwamba Serikali ya Kaunti iwaelekeze wahudumu wa afya ya jamii na wauguzi wa zahanati kumuuliza kila anayelalamikia mlio wa sikio swali moja: je, unafuata moyo? Anayejibu ndiyo apimwe damu na shinikizo, asikilizwe shingo kwa stetoskopu, na apewe rufaa. Anayeeleza pia maumivu makali ya kichwa au macho kufifia apelekwe bila kuchelewa. Hatua hiyo haihitaji mtambo wowote mpya.

18. Chama kinatangaza kwamba kitapeleka tamko hili mbele ya Bunge la Kaunti na ofisi zote zinazohusika, na kwamba iwapo mtambo wa mapigo utaanzishwa katika kaunti hii bila kutimiza masharti haya, wanachama wetu hawatautumia, nasi tutasimama nao mbele ya mahakama.

19. Chama hakiipingi elimu mpya. Stetoskopu iliyouthibitisha mvumo wetu ni chombo, na picha zitakazoonyesha mshipa uliobanwa ni kazi ya mashine. Tofauti ni kwamba daktari huusikiliza moyo kwa ajili ya mwenye moyo. Tunaomba kila atakayetaka kuusikiliza baada yake apimwe kwa kipimo hicho.

20. Kwa wananchi wenzetu: anayesikia moyo wake sikioni asinyamaze na asione haya; aende akapimwe, na aje tukae pamoja. Kwa mamlaka: mama wa Kapedo akifika mlangoni usiku akiwa na mtoto mgongoni, na mashine ikashindwa kumjua, ahudumiwe kwanza, atambuliwe baadaye.

Limetolewa Lodwar, kwa idhini ya mkutano mkuu wa wanachama.